Shajara ya mradi: kuanza upya kutoka faili ghafi

Wiki ya 1, Jumatatu

Mradi huu umezaliwa na swali moja tuliloshindwa kulijibu. Tulikuwa na mchoro tuliouamini: mawingu mawili ya nukta, kila nukta mmea mmoja, mimea iliyonyweshewa upande huu, mimea iliyonyimwa maji upande ule, na katikati uwazi mweupe. Kikaoni mtu akauliza tulitumia mipangilio gani kuchagua vilele, yaani miinuko ya ishara ambayo mashine hutoa inapokutana na kiambata. Tuliporudi maabara kutafuta jibu, tulikuta leseni ya programu tuliyoitumia imekwisha na faili la mradi halifunguki kwa programu nyingine yoyote. Kilichobaki ni picha ya mchoro, pamoja na jedwali la namba ambalo hakuna aliyekumbuka lilipitia mikono gani.

Sasa tunarudia kila kitu kuanzia mafaili ghafi ya mashine, kwa programu huria pekee, na kila hatua imeandikwa kwenye skripti. Mimea ni 48, nusu kwa nusu. Vipimo ni viwili: kromatografia ya kimiminika iliyounganishwa na spektromita ya tungamo (LC-MS), inayotenganisha viambata vya jani na kupima tungamo zake, na spektra za infraredi za unga wa majani, yaani jinsi unga unavyofyonza mwanga wa infraredi.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuyafungia mafaili ghafi katika folda ya kusomwa tu, kila faili likiwa na alama yake ya SHA-256, ambayo hubadilika faili likiguswa hata kidogo. Kuanzia leo hakuna mkono utakaoyagusa.

Wiki ya 1, Alhamisi

Kila mtengenezaji wa mashine ana muundo wake wa faili, na mingi imefungwa. Tunageuza kila kitu kuwa mzML, muundo wa wazi uliotolewa 2008 kuchukua nafasi ya mzData na mzXML, miundo miwili iliyokuwa ikiwagawa watu. Kazi inafanywa na msConvert, programu ya kugeuza mafaili kutoka mradi wa ProteoWizard.

Nimepoteza siku mbili hapa, na ninaandika sababu ili mwingine asizipoteze. Mashine huandika kila kilele kama kilima kidogo chenye nukta nyingi. Kabla ya uchanganuzi tunakibana kiwe mstari mmoja wenye tungamo na ukali wake. msConvert inaweza kutumia mbinu ya mtengenezaji mwenyewe kwa kazi hiyo, lakini kwa sharti kwamba kichujio hicho kiwe cha kwanza kwenye amri. Mimi nilikitanguliza kile cha kukata dakika za mwanzo. Programu haikulalamika, ilitumia mbinu yake ya jumla na kuendelea. Niligundua nilipofungua spektra moja kwa macho na kuona tungamo za kiambata tunachokijua zimesogea. Mafaili yote yamegeuzwa upya.

Wiki ya 2, Jumanne

Jedwali la maelezo ya sampuli. Kazi hii haina mvuto wowote na ndiyo iliyookoa mradi.

Jedwali la zamani lilikuwa la lahajedwali, na baadhi ya majina ya sampuli yalikuwa yamegeuka tarehe kwa sababu yalianza na herufi za jina la mwezi. Tatizo hili si letu peke yetu. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilibadilisha majina kama SEPT1 na MARCH1 kwa sababu lahajedwali hazikuacha kuyageuza tarehe. Tumehamia CSV ya maandishi matupu, na kila sampuli imepewa namba ya utambulisho isiyofanana na kitu kingine chochote.

Wiki ya 2, Ijumaa

Faili la mzML hubeba ndani yake saa ambayo kila kipimo kilianza. Nilimwomba fundi wetu kijana atoe saa hizo kutoka kwenye mafaili yote na kuzipanga kwa mfuatano, nikitaka tu kujaza safu moja iliyokuwa tupu kwenye jedwali. Baada ya nusu saa akaniita: "Dada, hebu njoo utazame hii."

Sampuli 24 za mimea iliyonyweshewa zote zilipitishwa kwenye mashine siku ya kwanza. Za mimea yenye kiu zote zilipitishwa siku ya pili. Kati ya siku hizo mbili safuwima, yaani bomba linalotenganisha viambata, ilikuwa imebadilishwa.

Nilikaa kimya kwa muda. Mashine ya LC-MS hupoteza nguvu kadiri inavyofanya kazi: chanzo cha ayoni huchafuka, safuwima huchakaa, shinikizo hubadilika. Tofauti ya siku moja na nyingine peke yake inatosha kutenganisha mawingu mawili ya nukta. Mchoro wetu huenda ulionyesha ukame, au huenda ulionyesha Jumatatu na Jumanne. Kwa jinsi kazi ilivyopangwa, hakuna hesabu inayoweza kuyatenga mambo hayo mawili, kwa kuwa yamefungwa pamoja sampuli kwa sampuli. Sampuli za udhibiti, zile zinazopimwa tena na tena ili kuona kama mashine imebadilika, zingeweza kutusaidia kukadiria tofauti ya siku, lakini zilipitishwa tatu tu, zote asubuhi ya siku ya kwanza.

Wiki ya 3

Kikao kimoja, uamuzi mmoja. Unga wa majani bado upo kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Tunachuja upya na kupima upya. Mkuu wa maabara alituuliza kama hakuna njia ya kurekebisha data ya zamani, nikamweleza kwa jedwali lile lile la saa, safu mbili tu: saa na kundi. Hakuuliza tena. Mchoro wa zamani tumeuondoa kwenye rasimu.

Wiki ya 4

Mpango mpya wa kupitisha sampuli, uliotengenezwa na skripti na si kwa mkono:

Mfuatano umechanganywa kwa nasibu, lakini kwa mafungu, ili kila fungu liwe na idadi sawa ya mimea ya makundi yote mawili. Tumetengeneza sampuli moja ya udhibiti kwa kuchanganya kiasi kidogo kutoka kila sampuli. Mchanganyiko huo unapitishwa mara kumi mwanzoni ili mfumo utulie (data ya mara hizo haitumiki), kisha kila baada ya sampuli tano hadi mwisho. Pia kuna sampuli tupu, yaani kiyeyushi kilichopita hatua zote za uchujaji bila jani, ili tujue kipi kinatoka kwenye mirija ya plastiki na kipi kinatoka kwenye mmea.

Mbegu ya nasibu, namba inayoanzisha uchanganyaji, imeandikwa ndani ya skripti. Atakayeiendesha skripti hiyo kesho atapata mfuatano ule ule.

Wiki ya 5 na 6

Kuchagua vilele. Tunatumia XCMS, kifurushi cha lugha ya programu ya R kilichochapishwa 2006, na ndani yake mbinu ya kutafuta vilele iitwayo centWave. Hapa ndipo nimekaa muda mrefu kuliko popote, na nadhani ndipo wengi hupita haraka kuliko popote.

Mipangilio ya kiwandani ya centWave inategemea vilele vyenye upana wa sekunde 20 hadi 50. Safuwima yetu ni ya shinikizo la juu na vilele vyake vingi ni vya sekunde 5 hadi 12. Ukiacha mipangilio ilivyo, programu itaendelea bila kosa lolote na itakupa jedwali, ila vilele viwili vilivyo jirani vitaunganishwa kuwa kimoja na vyembamba vitaachwa nje. Niliichukua orodha ya viambata 15 tunavyovijua, nikachora kromatogramu ya kila kimoja na kupima upana kwa macho kabla ya kugusa mpangilio wowote.

Halafu kuna mpangilio wa ppm (sehemu kwa milioni). Nilidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba hapo unaandika usahihi wa tungamo uliotajwa kwenye karatasi ya mashine. Sivyo. Unachoambia programu ni kiasi gani tungamo ya ayoni ile ile inaweza kuyumba kutoka skani moja hadi inayofuata ndani ya kilele kimoja, na myumbo huo huwa mkubwa zaidi pale ishara inapokuwa dhaifu. Ukiandika namba ndogo mno, kilele kinakatika vipande. Nilipoipanua, viambata vitatu vilivyokuwa vinapotea kati ya vile 15 vikarudi.

Kisha nikayapitisha mafaili yale yale kwenye MZmine, programu nyingine huria ya kuchagua vilele. Orodha mbili hazikulingana, wala sikutarajia zilingane. Sikuchukua tu zile zinazokubaliana na kutupa nyingine. Nilichagua kwa nasibu mia moja kati ya zisizokubaliana nikazitazama moja moja. Nyingi zilikuwa kelele za ukingoni, lakini baadhi zilikuwa vilele halali ambavyo XCMS iliviacha kwa sababu vinapanda kwa kasi na kushuka polepole. Mpangilio mmoja umebadilishwa, na sababu yake imeandikwa kwenye Git, programu inayotunza historia ya msimbo, pamoja na picha.

Wiki ya 7

Jedwali lina safu elfu kadhaa, kila safu ikiwa tungamo moja inayotoka kwa wakati wake. Ni rahisi kusema tuna metaboliti (viambata vya mmea) elfu kadhaa, na si kweli. Glukosi peke yake inaweza kuonekana kwenye tungamo ya 181.0707 ikiwa imebeba protoni, kwenye 203.0526 ikiwa imebeba sodiamu, tena na isotopu zake za kaboni 13 zilizo mbele kwa 1.00335, tena ikiwa imepoteza maji. Molekuli moja, safu tano au sita. Ukihesabu kila safu kama ushahidi unaojitegemea, unajipa ushahidi usiokuwa nao. Tumeziunganisha safu zinazotoka kwa wakati mmoja, zenye tofauti za tungamo zinazoeleweka na ukali unaopanda na kushuka pamoja. Jedwali limepungua sana, na nimefurahi.

Baada ya hapo tumechuja. Safu yoyote ambayo kwenye sampuli za udhibiti inatawanyika zaidi ya 30% imetoka, na pia safu yoyote ambayo kwenye sampuli tupu ina nguvu karibu sawa na kwenye majani. Ulegevu wa mashine tumeurekebisha kwa mkunjo uliopitishwa kwenye sampuli za udhibiti. Lakini ukirekebisha kwa sampuli za udhibiti kisha ukapima mafanikio kwa sampuli zile zile, utajisifu bure. Tuliweka pembeni robo yake, tukarekebisha kwa zilizobaki, na kuangalia kama zile za pembeni zimekaribiana. Zimekaribiana.

Jambo la thamani zilizokosekana bado linanisumbua. Tupu inayotokana na kiambata kilicho chini ya uwezo wa mashine ni tofauti na tupu inayotokana na programu kushindwa kukiona kilele. Tumerudi kwenye mafaili ghafi kujaza aina ya pili. Ya kwanza tumeiacha na alama yake, wala hatukuandika sifuri popote.

Wiki ya 8

Upande wa infraredi. Nilitegemea uwe mwepesi, lakini umenifundisha zaidi ya LC-MS.

Spektra mbichi ni nzuri kutazama: ukanda wa protini karibu na 1650 kwa sentimita, wa esta karibu na 1740, na kilima kipana cha kabohaidreti kati ya 1000 na 1200. Modeli ya kwanza ilitenganisha makundi karibu bila kosa. Kabla ya kushangilia nilichora ni maeneo gani ya spektra modeli iliyategemea. Eneo lililoongoza lilikuwa karibu na 2350.

Hapo hakuna kitu cha jani. Hapo ni kaboni dioksidi ya hewani. Sampuli za kundi moja zilipimwa asubuhi chumba kikiwa kitupu, za kundi la pili mchana tukiwa watu wanne tunapumua kuzunguka mashine. Modeli ilikuwa inahesabu pumzi zetu.

Eneo la 2280 hadi 2400 limekatwa, na vipimo vimerudiwa kwa mfuatano wa nasibu, hewa kavu ikipitishwa ndani ya mashine. Mstari wa msingi tumeushughulikia kwa kuchukua mnyambuliko wa kwanza (kasi ya kupanda na kushuka kwa mstari) kwa mbinu ya Savitzky na Golay, ya mwaka 1964 na bado haijazeeka, dirisha la nukta 15. Nilijaribu madirisha kadhaa. Dirisha pana linalainisha mpaka ukanda mwembamba unafutika, na jembamba linakuza kelele. Nililichagua kwa kutazama vipimo vya kurudia vya unga mmoja. Sikutazama makundi yanavyotengana, kwa sababu ukiuchagua usafishaji wako kwa kuangalia jibu, jibu limeshaingia kwenye usafishaji.

Kila mmea una spektra tatu. Katika kugawa data ya kufunza na ya kupima, nimehakikisha spektra zote tatu za mmea mmoja zinakaa upande mmoja. Zikitawanyika, modeli itakuwa inautambua mmea iliokwisha kuuona, na alama zitapanda bila maarifa yoyote. Kwenye scikit-learn, maktaba ya Python ya kufunza modeli, kuna mgawanyo wa kimakundi unaofanya hivyo kwa mstari mmoja wa msimbo.

Wiki ya 10

Siku ya lebo za uongo. Nilichukua jedwali safi la LC-MS, nikazichanganya lebo za makundi kwa nasibu, kisha nikaendesha PLS-DA, mbinu ya takwimu inayotafuta kinachotenganisha makundi, kama vile lebo ni za kweli.

Mchoro ulitoka mzuri. Mawingu mawili, uwazi katikati.

Niliuchapisha na kuubandika ukutani kando ya ule wa kikao cha mwaka jana. Ukiwa na safu mamia kwa mimea 48, daima kutakuwa na mchanganyiko fulani wa safu unaofuata lebo yoyote utakayobuni, na PLS-DA imeundwa kuutafuta mchanganyiko huo. Modeli inakariri, na mchoro wa alama zake unaonyesha jinsi ilivyokariri vizuri. Ndiyo maana sitaweka tena mchoro huo peke yake mbele ya mtu yeyote.

Kwa lebo za uongo, usahihi wa uthibitishaji mtambuka (kupima modeli kwa mimea ambayo haikufunzwa nayo) ulianguka hadi pale pa kurusha sarafu. Kwa lebo za kweli, kwenye data mpya, ulibaki juu. Tulirudia kuchanganya mara 1000. Hakuna hata mara moja lebo za uongo zilipofikia za kweli, kwa hiyo thamani ya p (uwezekano wa kupata matokeo kama haya kwa bahati tu) tunayoweza kuandika ni 1 kwa 1001, na tutaiandika hivyo. Kuandika sifuri ni kosa.

Uchaguzi wa idadi ya vijenzi na kuweka vipimo kwenye mizani moja vyote vinafanyika ndani ya kila mgawo wa uthibitishaji, kwa data ya kufunza pekee. Kwa majaribio ya safu moja moja tunatumia njia ya Benjamini na Hochberg ya 1995, inayodhibiti ugunduzi wa uongo majaribio yanapokuwa mengi.

Wiki ya 11

Mwenzangu alichukua hazina yetu ya Git na kuiendesha kwenye kompyuta yake kuanzia mwanzo. Matokeo hayakufanana na yangu. Hayakuwa mbali, lakini hayakufanana.

Tulidhani ni toleo la kifurushi. Matoleo yalikuwa yale yale. Tukadhani ni mbegu ya nasibu. Ilikuwa ile ile. Siku ya tatu tukapata: kompyuta yangu na yake zina mipangilio tofauti ya lugha, na R hupanga majina kwa alfabeti kwa kufuata mipangilio hiyo. Mafaili mawili yaliyoanza na herufi kubwa yalikaa mahali tofauti kwenye orodha. Sehemu moja ya skripti yangu iliunganisha jedwali la vilele na jedwali la sampuli kwa kufuata nafasi badala ya namba ya utambulisho. Kwenye kompyuta yangu zilipangana kwa bahati. Kwake, mimea kadhaa ilipewa majina ya wenzao.

Kosa hilo ni langu. Nimepitia kila uunganishaji kwenye msimbo wote, na sasa unafanyika kwa namba ya utambulisho, huku skripti ikisimama yenyewe kama idadi ya mistari kabla na baada si sawa. Mazingira yote tumeyafunga kwenye kontena, kifurushi kinachobeba programu zote na matoleo yake. Kompyuta ya tatu, ya mtu asiyekuwa kwenye mradi, ilitoa matokeo yale yale hadi desimali ya mwisho.

Wiki ya 12

Majina ya viambata. Tunafuata viwango vinne vya uhakika wa jina, cha 1 kikiwa cha juu kabisa, vilivyopendekezwa 2007 na jumuiya ya viwango vya metabolomiki, na kiwango kinaandikwa kando ya kila jina kwenye jedwali, si kwenye kiambatisho.

Safu inayoongoza kwenye mimea yenye kiu iko 116.0706, na ikivunjwa inatoa kipande cha 70.065. Hiyo inafanana na prolini, na kwa mimea mingi ni jambo linalofahamika kwamba prolini hupanda ardhi inapokauka. Lakini kufanana na jambo unalolitarajia ndiko kunakodanganya kuliko kingine chochote, kwa hiyo tulinunua prolini halisi tukaipitisha siku ile ile kwenye safuwima ile ile. Wakati wa kutoka umelingana, vipande vimelingana. Kiwango cha 1.

Nyingine 31 zimelinganishwa na spektra za MassBank na GNPS, hazina za wazi za spektra: kiwango cha 2. Kuna safu ya 132.1019 ambayo rasimu ya zamani iliiita lusini. Inaweza kuwa lusini, inaweza kuwa isolusini. Tungamo ni moja, na kwenye safuwima yetu zinatoka karibu pamoja. Imeandikwa "lusini au isolusini". Zilizobaki nyingi hazina jina, na zitachapishwa hivyo hivyo pamoja na spektra zake, maana huenda mwenye jina yuko mahali fulani.

Wiki ya 14

Tumewasilisha kila kitu MetaboLights, hazina ya wazi inayoendeshwa na EMBL-EBI tangu 2012: mafaili ghafi, mzML, jedwali la sampuli lenye safu ya saa, na sampuli za udhibiti na tupu zikiwemo. Msimbo uko kwenye hazina yake yenye leseni huria. Data ya zamani tumeiweka pia, ikiwa na maelezo ya wazi kuhusu siku mbili na safuwima iliyobadilishwa, kwa sababu ni mfano mzuri wa kufundishia.

Leo asubuhi ukaguzi wao wa kwanza umerudi: safu mbili za jedwali hazina vizio vya kipimo. Wana haki. Ninaziandika sasa, kisha kontena litaendeshwa tena kuanzia mwanzo kabla ya kuwarudishia.